Dada Taratibu na Wimbo Wenye Mashimo

Ijumaa hii, tarehe 28, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukaa kando ya watu wanaotetemeka, Mwalimu wetu Taratibu anashuka garini. Anastaafu rasmi saa kumi jioni. Kwa kuwa tunamfahamu, tuna hakika kwamba dakika chache kabla ya hapo bado atakuwa uwanjani akimwambia mtu atazame vioo.

Jina lake halisi limo kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini msidhani litawasaidia kumpata. Ukimuulizia langoni kwa jina hilo, mlinzi atakuapia kwamba mtu huyo hayupo na hajawahi kuwapo. Sema Dada Taratibu, atakushika mkono akupeleke. Wanafunzi ndio waliombandika jina hilo kwa sababu ya neno lake moja, ambalo hulitoa kwa upole uleule, awe anaongea na mtu aliyesahau kuwasha taa au na mtu anayekwenda kuuvaa ukuta.

Alikuja chuoni kwetu kama mpokea simu. Meza yake ilikuwa pale palipo na mashine ya kunakili siku hizi, ikitazamana na uwanja wa mazoezi, na kumweka mtu kama yule mbele ya dirisha lile kulikuwa kujitakia. Alikuwa akipokea simu kwa mkono mmoja, huku mguu wake chini ya meza unakanyaga klachi isiyokuwapo. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakienda kula, yeye aliwabembeleza walimu wamwachie gari azunguke mara moja tu. Mara moja ikazaa mara mbili, mara mbili ikazaa mazoea. Chuo kilipoanza kutafuta mwalimu mpya, walimu wote, ambao wakati huo walikuwa wanaume watupu, walishajua, ingawa walinyamaza, kwamba dada wa simu anarudi nyuma na gari vizuri kuliko wao wanavyokwenda mbele. Kazi akapewa yeye.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mwuza saruji mwenye kifua kama kabati la nguo. Alipoambiwa kwamba mwalimu wake ndiye huyu, alicheka hadi akashika kiuno. Baada ya nusu saa uwanjani alikuwa anamwita Mama.

Basi tungeweza kuandika kurasa nyingi juu ya miaka ile ya kwanza, lakini wote tunajua ni hadithi gani mnaingojea. Walioikuta tayari imekwisha huihadithia kana kwamba walikuwapo, na kila mwaka mnaiongezea chumvi. Tuiweke hapa kama ilivyokuwa, mara moja, ibaki.

Magari yetu ya zamani yalikuwa na redio za kaseti, ambazo zilikuwa pambo tu. Ukutani mwa ofisi kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: REDIO IZIMWE WAKATI WA SOMO. Hakuna aliyehoji. Dereva mwanafunzi ana usukani, ana klachi, ana vioo vitatu na roho moja. Muziki wa nini tena?

Akaja Mkunga.

Tunamwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake, mkunga wa kliniki, mwanamke wa makamo mwenye mikono mitulivu ambayo imepokea watoto wasiohesabika. Kliniki yao ilikuwa imepata gari la kuzunguka kwenye makazi ya mbali, huko ambako mama mjamzito akishikwa na uchungu hana pa kukimbilia. Gari lilikuja, dereva hakuja. Wakaambiwa kama hakuna mfanyakazi wao mwenyewe mwenye leseni mpaka mwisho wa robo ya mwaka, gari litapelekwa mahali pengine. Wenzake wakatazamana. Mkunga akanyoosha mkono. Alinyoosha mkono huku akijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: kwamba miaka michache nyuma gari alilopanda lilipinduka, na ingawa yeye alitoka bila mkwaruzo, tangu siku hiyo injini ikinguruma tu, mikono yake hukakamaa.

Alikuwa ameshafeli mara mbili kwenye chuo kingine. Alipofika kwetu, Dada Taratibu alimkalisha kwenye usukani, akamwambia awashe. Akawasha. Akaganda. Vidole vilishika usukani kama vimegandishwa kwa gundi.

"Mwalimu, miguu imekufa ganzi," alisema.

"Haijafa. Imejificha tu," Dada Taratibu akamjibu. "Zima. Leo tunakaa tu humu tupige soga."

Walikaa hivyo somo zima, gari limezimwa, sisi wengine tukipita na kutikisa vichwa. Siku ya pili vilevile. Lakini Dada Taratibu ana masikio ya mpokea simu. Alisikia kwamba Mkunga akitembea kutoka langoni hadi garini huwa anaimba kwa sauti ya chini, na hatua zake zinakwenda na wimbo sawasawa. Akamuuliza. Mkunga akasema yeye ni sauti ya pili katika kwaya ya wafanyakazi wa kliniki, na hata katika chumba cha kujifungulia huwaimbia akina mama ili wavute pumzi kwa mapigo.

"Kumbe!" alisema Dada Taratibu, na aliyesikia kumbe ile anasema ilitoka tumboni. "Wewe miguu yako iko masikioni."

Wakajaribu redio ya kaseti, ikameza kanda mbili na kutema utepe kama tambi. Siku ya tatu Dada Taratibu akaja na redio mpya ndani ya boksi, aliyoinunua mwenyewe, ile yenye tundu dogo la flashi usoni. Fundi wa redio za magari, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliifunga huku amejilaza chali miguu ikiwa nje ya mlango. Mnamkumbuka: mtu anayeongea na nyaya kama mama na watoto. Kilichobaki ni nyimbo, na nyimbo zilikuwa nyumbani.

Hapa ndipo anaingia mume wake, ambaye chuo kizima, kuanzia Mkuu hadi mfagizi, tunamwita Shemeji. Shemeji alikuwa mpiga chapa, na wakati huo ameshapumzika kazi. Alikuwa na kompyuta moja kubwa iliyonguruma kama jokofu, na sidii zimepangwa hadi darini. Aliposikia mkewe anahitaji nyimbo za kuendeshea gari, alivaa miwani yake na kufunga mlango wa sebule kana kwamba ameitwa kuokoa taifa.

Akamweleza mkewe kwamba wimbo wa kwenye sidii ni kama godoro, huwezi kulitia mfukoni. Lazima ulikunje, utoe hewa, ndipo likae. Hizo ndizo faili za MP3: wimbo uleule, umebanwa hadi nyimbo mamia zinaingia kwenye kitu kidogo kama kidole gumba.

"Na hiyo hewa unayoitoa," mkewe akauliza, "ni sauti gani?"

"Ni ile isiyosikika."

"Kama haisikiki, wewe uliijuaje?"

Majirani wanasema mjadala huo ulivuka chakula cha jioni, na hadi leo haujapata mshindi.

Flashi ya kwanza ililetwa kwa mbwembwe ndani ya bahasha. Redio ikaitazama, ikafikiri, ikaandika kwenye kioo chake kwamba haioni faili yoyote. Shemeji alikuja mwenyewe na jasho lake. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo, akacheka taratibu. Shemeji alikuwa amesahau kubadilisha nusu ya nyimbo, na nusu nyingine alizibana kwa mtindo ambao kompyuta yake inaupenda na redio ya gari haijawahi kuusikia. "Hii redio inakula MP3 tu, mzee wangu," fundi alimwambia. "Hizi ulizoleta ni chakula cha wengine." Shemeji akarudi nyumbani, akapika upya.

Flashi ya pili ilisoma. Tatizo ni kwamba redio ile haikujali herufi wala jina. Ilipiga nyimbo kwa mpangilio ambao faili ziliingizwa. Siku hiyo mwanafunzi mmoja, karani wa posta, alikuwa anarudi nyuma polepole baina ya mapipa kwa wimbo wa gitaa laini. Ule ukaisha, na badala ya kuja mwingine wa aina yake, likalipuka dansi la kasi ambalo Shemeji alilichomeka katikati kwa kujaribu. Mguu wa karani ukaitikia wito. Gari liliruka kinyumenyume likajikita kwenye rundo la matairi, na kwa bahati nzuri aliyeumia ni tairi moja lililokwisha kuumia zamani. Kuanzia hapo kila faili ilipewa namba mbele ya jina, sifuri moja, sifuri mbili, na kuingizwa kwa foleni kama watoto wa shule.

Kwa Mkunga, mambo yalifunguka. Muziki ukianza, vidole vinalegea. Dada Taratibu alimfundisha kuachia klachi kwa mapigo manne: moja inainuka, mbili inainuka, tatu gari linajisikia, nne limeondoka. Ndani ya wiki moja alikuwa anazunguka uwanja akitabasamu. Sisi tuliokuwa tunatikisa vichwa tukaanza kutafuta sababu za kupita karibu na lile gari, maana mle ndani kulikuwa na raha.

Raha ikafika masikioni mwa Mkuu.

Mkuu wa wakati ule, ambaye naye ameshastaafu na atakuwapo Ijumaa, alikuwa mtu wa haki na wa kanuni, na kanuni ilikuwa ukutani kwa rangi nyekundu. Alimwita ofisini. Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo tulisikia.

"Dada Taratibu, hiki ni chuo cha udereva au ukumbi wa arusi?"

"Ni chuo, Mkuu. Ila mwanafunzi wangu anaendesha kwa masikio."

"Na siku ya mtihani? Mkaguzi anaingia garini, kitu cha kwanza anazima redio. Ataendesha kwa nini? Kwa pua?"

Mkuu alikuwa amesema kweli. Wote tulijua amesema kweli, na Dada Taratibu alijua kuliko sisi sote. Mkuu akaendelea, bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: Mkunga amalize masomo yake kama alivyoanza. Akifaulu, kanuni itaangaliwa upya. Akifeli, redio inang'olewa na Dada Taratibu anarudi kwenye meza ya simu.

"Sawa, Mkuu," alisema. "Ila redio ni yangu. Nitarudi nayo mapokezi."

Alitoka akipepesuka kwa kicheko cha uongo, akaingia stoo ya vipuri, akakaa juu ya betri ya gari. Aliyemfuata kumpelekea maji anasema alikuwa anatazama mikono yake. Alisema jambo moja tu: "Mkuu ana haki. Nimempa mtu mkongojo, sijamfundisha kutembea."

Jioni ile alifika nyumbani, akamkuta Shemeji kwenye kompyuta, akamuuliza kama anaweza kutoboa wimbo.

Shemeji hakuelewa. Akamfafanulia: wimbo uwe unakwenda, kisha katikati unyamaze kidogo, kisha urudi. Usikatike, unyamaze. Jaribio la kwanza Shemeji alikata kabisa vipande vile, wimbo ukawa unaruka kama gari lililokosa gia. Hapana, mkewe alisema, muziki uendelee kutembea, ila tusiusikie, kama mtu aliyepita nyuma ya nyumba. Shemeji akaelewa. Alichagua kipande katika wimbo, akakifuta sauti bila kukiondoa, muda ukabaki palepale. Na ili Mkunga awe na wimbo anaoujua hadi mfupani, Shemeji alikwenda na kinasa sauti kwenye mazoezi ya kwaya ya kliniki, katika chumba chao cha kulia chakula, akarekodi wimbo wao mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ubeti wa pili mtu aliangusha kijiko. Waimbaji wakataka kurudia. Shemeji akasema kiache, kina sauti nzuri.

Huo ndio wimbo wenye mashimo. Faili ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na vishimo vidogo ambavyo hata mguu wa kuku ungevivuka. Mkunga alipokutana na cha kwanza, alikanyaga breki katikati ya uwanja.

"Mwalimu, redio imekufa!"

"Haijafa, imenyamaza. Wewe endelea, mtakutana mbele."

Na kweli wakakutana mbele. Sauti ilirudi, na ikamkuta Mkunga yuko kwenye pigo lake, hajapungua wala kuzidi. Aligeuza uso akamtazama mwalimu wake kwa mshangao wa mtu aliyeogelea mara ya kwanza, akaambiwa, bila shaka, atazame mbele.

Kila siku chache Shemeji alitengeneza faili mpya, na kila faili mashimo yalipanuka. Likaja shimo la ubeti mzima. Likaja la beti mbili. Walitoka uwanjani wakaingia barabarani, wakapita mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, wakapita kwenye mzunguko ambako hata madereva wazoefu husali. Faili ya mwisho ilikuwa karibu yote kimya: pigo la kuanzia, kisha kimya kirefu cha wimbo mzima, kisha kiitikio cha mwisho. Siku walipoijaribu, kiitikio kililipuka kwenye spika palepale Mkunga alipokuwa anavuta breki ya mkono mbele ya lango letu. Wote wawili walipiga kelele kwa nguvu kiasi kwamba mlinzi alitoka mbio na rungu.

Siku ya mtihani ilipofika, hakuna aliyefundisha. Tunaomba radhi kwa wanafunzi wa wakati ule. Tulijifanya tunakagua uzio, wote kwa pamoja, uzio uleule.

Mkaguzi alikuwa mgeni, mtu mwembamba mwenye saa kubwa. Aliingia, akafunga mkanda, akanyoosha kidole, akazima redio. Tuliona mwanga wa kioo cha redio unafifia. Mkuu alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Na Dada Taratibu? Aligeukia ukuta. Mwalimu haruhusiwi kumpa mwanafunzi ishara, na yeye hakutaka mtu yeyote aje kusema kwamba alikonyeza. Akasimama uso umeelekea ukuta mweupe wa darasa, na mwandishi wa makala haya, aliyekuwa kando yake, akageuzwa kuwa macho yake.

"Amewasha?"

"Amewasha."

"Anaondoka?"

"Ana... limezima."

Akavuta pumzi. "Mara moja si kitu. Sasa?"

"Amewasha tena. Linasogea. Linasogea, Dada! Ah. Limezima."

Mara ya tatu ni kufeli. Kila aliyekuwa kwenye uzio alilijua hilo. Mtu mmoja alianza kuondoka asione. Mkuu alitazama viatu vyake.

"Angalia midomo yake," alisema Dada Taratibu kwa ukuta.

"Midomo?"

"Midomo ya Mkunga! Inacheza?"

Tulikaza macho kupitia kioo cha mbele. Mkunga alikuwa amefumba macho kidogo, akayafumbua, na midomo yake ikaanza, polepole, kama mtu anayehesabu watoto usingizini.

"Inacheza! Dada, inacheza!"

"Basi," alisema. "Kaondoka huyo."

Moja, klachi ikainuka. Mbili. Tatu, gari likajisikia. Nne, likaondoka, laini kama sabuni! Likapanda mlima wa zege, likasimama katikati kama linavyotakiwa, likaondoka tena bila kurudi nyuma hata unyayo. Likaingia baina ya mapipa kinyumenyume na kutoka bila kugusa. Likatoka langoni, likaingia barabarani, likapotelea kwenye kona. Hapo ndipo muda ulipotutesa. Mpishi wa kantini alitoka na mwiko mkononi akasahau kurudi, na siku ile tulikula wali wenye harufu ya moshi bila mtu kulalamika.

Gari lilirudi. Liliegeshwa sambamba na mstari. Mkaguzi akashuka, akamfuata Mkuu, uso wake hauonyeshi lolote.

"Huyu mama ameendesha vizuri sana," alisema. "Ila nauliza. Tangu tulipoondoka mpaka tunarudi, midomo yake inacheza. Alikuwa ananisema?"

"Hapana, alikuwa anaimba," Mkuu akajibu.

"Mbona sikusikia kitu?"

"Hata sisi hatusikii," Mkuu akasema, kwa uso wa kikazi kabisa. "Wimbo wenyewe umejaa mashimo."

Mkaguzi alimtazama, akatutazama sisi kwenye uzio, akaona bora aweke saini aendelee na mwanafunzi mwingine. Shangwe iliyofuata haina maelezo. Mkunga alishuka garini akakimbia, akamkumbatia mwalimu wake kwa nyuma kabla hajageuka. Alisema kwamba kwenye ile kona ya mwisho, katikati ya kimya chote kile, alisikia kijiko kikianguka, akajua yuko ubeti wa pili, akakata kona. Dada Taratibu alipogeuka, machozi yanamtiririka na paji la uso ni jeupe pe kwa chokaa, kwa maana alikuwa ameliegemeza ukutani muda wote. Alizunguka na chokaa ile hadi jioni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ilimkaa kama nishani.

Gari la kliniki halikwenda popote. Mkunga ameshika usukani wake hadi leo, na wanaoishi huko makazi ya mbali wanasema hulisikia likija kabla hawajaliona.

Mkuu alitimiza ahadi. Alichukua brashi mwenyewe akayafunika kwa rangi maandishi yale mekundu, na magari yetu yote yakafungwa redio za flashi kwa mkono wa fundi wa ng'ambo. Wiki iliyofuata alionekana akimnong'oneza Shemeji langoni, akimpa kitu kidogo kutoka mfuko wa koti. Ilikuwa flashi. Alitaka awekewe nyimbo za enzi za ujana wake, na akaomba zisiwe na mashimo.

Miaka iliyofuata Dada Taratibu aliufundisha mtindo wake kwa walimu wote, na wawili kati ya wanawake wanaofundisha sasa walipita mikononi mwake. Madereva wa magari ya wagonjwa, wa malori ya mikate, wa mabasi ya shule, wapo wengi mitaani ambao ukiwatazama wakisubiri taa ya kijani utaona kidole kinagonga usukani mara nne.

Hatukubaliani naye kwa kila jambo. Anakula karanga garini na kumkaripia mwanafunzi anayekula karanga garini. Na magari mapya yalipokuja na redio za blututhi, zinazochukua muziki moja kwa moja kutoka kwenye simu bila waya wala flashi, alizikataa kama mtoto anavyokataa chanjo. Tukamcheka, tukamwambia amezeeka. Mpaka siku ile mhasibu mmoja kijana, aliyeoa karibuni, alipokuwa anafanya mazoezi ya kuegesha kwa muziki wa simu yake. Muziki ukakatika, simu ikapokelewa yenyewe, na sauti ya mama mkwe ikajaa gari zima kupitia spika nne: "Wewe mwanangu, huyo mumeo mzito bado hajapata leseni? Wenzake wanarusha ndege!" Mama mkwe alikuwa anamtafuta binti yake kupitia simu ya mumewe, akadhani ndiye aliyepokea. Mhasibu hakutetereka. Alimaliza kuegesha, akavuta breki ya mkono, akasema, "Shikamoo mama." Dada Taratibu alimpeleka kwenye mtihani wiki ileile. Mtu anayeegesha gari huku mama mkwe anamsema, alituambia, huyo barabarani hana cha kuogopa. Na simu za wanafunzi tangu hapo hubaki mapokezi.

Sasa tuwape siri ambayo wengi hamuijui. Katika miaka yote hii, Dada Taratibu hajawahi kumiliki gari. Alikuja kazini kwa miguu, akakaa kiti cha abiria mchana kutwa, akarudi kwa miguu. Mwezi uliopita yeye na Shemeji walinunua gari dogo, la mkono wa pili, rangi ya chai ya maziwa. Ijumaa, sherehe ikiisha, atatoka nalo langoni yeye mwenyewe kwenye usukani, na kwenye kiti cha abiria atakaa Shemeji, ambaye hajui hata kuwasha gari na amekataa kujifunza maisha yake yote. Wanakwenda kuwatembelea wajukuu, safari ya siku mbili, na wamekubaliana kutokuwa na haraka.

Magari yetu ya mafunzo yana breki ya pili, upande wa mwalimu. Gari lao halina. Tulimuuliza Shemeji kama hilo halimtishi, kukaa kando ya mwanamke huyu bila cha kukanyaga.

"Hata nyumbani sina breki," alisema, "na angalieni tulipofika."

Dada Taratibu, asante kwa subira yako, kwa karanga ulizotunyima, kwa watu wote uliowatoa kwenye hofu ukawaweka barabarani. Afya iwe yako, usingizi uwe mtamu, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Ukipita hapa, usipite kimya: piga honi, tutatoka sote.